Moshi wa Sigara na Mtoto Aliye Tumboni

Baba amerudi kutoka shambani. Ameketi ndani, anawasha sigara. Mama ana mimba ya miezi sita. Yeye hajavuta sigara hata siku moja. Lakini nyumba ni ndogo, na moshi ule anauvuta naye.

Mtoto aliye tumboni havuti hewa kwa mapafu yake. Hupata hewa safi na chakula kutoka katika damu ya mama, kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Moshi wa sigara una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Sumu hiyo ikiingia katika damu, huchukua nafasi ya hewa safi. Basi mtoto hupungukiwa. Huweza kuzaliwa na uzito mdogo, chini ya kilo 2.5, au kabla ya siku zake.

Akisha kuzaliwa, hatari haijaisha. Mtoto mchanga huvuta pumzi haraka kuliko mtu mzima. Katika nyumba yenye moshi watoto huugua nimonia, pumu na masikio mara nyingi zaidi. Wengine hufa ghafla usingizini.

Watu husema, "Fungua dirisha tu." Haitoshi. Anayevuta atoke nje, mbali na mlango na dirisha. Kuacha kabisa ni bora zaidi. Wako waume wengi wasiojua jambo hili, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Nyumbani kwako nani huvuta sigara? Huvutia wapi?

2. Baba mkwe akiwasha sigara karibu na mtoto mchanga, nani atamwambia, na kwa maneno gani?