Kumpata Mpiga Picha wa Harusi kwa Pesa Kidogo



Siku hizi vikundi vyetu havikopeshani karo na pesa za mbuzi tu. Binti wa mwanachama akiolewa, kikundi ndicho kinachotafuta hema na viti, ndicho kinachopika, na mara nyingi mweka hazina wetu ndiye mweka hazina wa kamati ya harusi. Ndiyo maana tumeona somo hili linatuhusu sote: tutampataje mpiga picha mzuri wakati mchango ni mdogo?

Tuanze na kisa kilichotupata sisi wenyewe huku Taita. Tulikuwa tunamwoza binti wa mama mmoja kikundini. Mikutano miwili mizima tulibishana juu ya keki. Mpiga picha tukamtafuta wiki ya mwisho. Akaja kijana mwenye picha tano za kupendeza kwenye simu yake. Tukamtumia pesa zote kwa M-Pesa, wala hatukuandikiana karatasi. Siku yenyewe alifika ibada ikikaribia kwisha, na saa nane akatuaga akaenda harusi nyingine. Keki aliipiga, magari aliyapiga. Lakini nyanya ya bibi harusi, aliyekuwa mgonjwa na akabebwa kwa kiti mpaka kanisani ili ambariki mjukuu wake, hakupigwa hata picha moja. Miezi mitatu baadaye tulimzika. Tulipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, tulipata ile ya kitambulisho tu.

Hatumlaumu kijana peke yake. Makosa mengi yalikuwa yetu. Tangu siku hiyo tumesimamia harusi nyingine nne, na haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Andikeni kwanza picha ambazo ni lazima zipatikane

Fanyeni hivi kabla hata ya kuuliza bei. Kaeni na maharusi na wazazi wa pande zote mbili, muandike picha kama 20 kwenye karatasi moja: viapo na pete, kutiwa sahihi kwa cheti cha ndoa, wazazi, babu na nyanya, wasimamizi, kwaya. Wazee na wagonjwa wapigwe mapema kabla hawajachoka. Kisha mchague mtu mmoja, shangazi au binamu anayejua sura za jamaa, atembee na mpiga picha na kumwambia, "Yule mzee mwenye bakora ndiye aliyemlipia karo, usimwache." Mpiga picha ni mgeni. Asipoonyeshwa atajuaje?

2. Punguzeni saa, msipunguze ubora

Wapiga picha wengi huhesabu bei kwa saa. Hakuna haja ya kumlipa mtu tangu bibi harusi anasukwa mpaka watu wanacheza usiku. Saa nne asubuhi mpaka saa tisa, yaani kanisani mpaka keki ikatwe, yatosha. Video hulipiwa kando, na ile kamera inayoruka angani pia. Kama pesa hazifiki, ziacheni bila aibu.

Angalieni nauli pia. Mtu akitoka Mombasa kuja Wundanyi mtamlipia safari na pengine malazi, na huenda Voi au Mwatate kuna fundi mzuri vilevile. Agosti na Desemba harusi ni nyingi, kwa hiyo semeni naye mapema. Tena ikiwa kanisa lenu lina harusi ya pamoja, familia zote zaweza kuchangia mpiga picha mmoja au wawili.

Na yule mpwa mwenye simu nzuri? Mwombeni asaidie, lakini msimwachie kazi yote. Yeye naye ni wa harusi. Atataka kula na kucheza.

3. Ombeni kuona harusi nzima

Picha tano nzuri hata mwanafunzi anazo. Mwambieni mpiga picha awaonyeshe picha zote za harusi moja, tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha mtazame mambo matatu:

Ndani ya kanisa lenye giza, je, nyuso zinaonekana, au ni ukungu mtupu?

Saa sita mchana jua letu hukaa utosini na kutia kivuli machoni. Je, aliwapeleka watu chini ya mti, au alitumia flashi?

Gauni jeupe na ngozi yetu nyeusi vikiwa katika picha moja, asiyejua kazi hutoa gauni zuri na sura nyeusi tititi. Fundi hutoa vyote viwili.

Halafu ulizeni familia aliyoihudumia: alifika saa ngapi? Picha zilikuja lini? Kuuliza si ujinga. Mwulizeni pia kama ana kamera ya pili na betri za akiba. Kijana anayeanza, lakini aliyefanya kazi chini ya fundi mzoefu, aweza kuwapunguzia bei na bado akafanya kazi safi.

4. Andikianeni, na mlipe kwa awamu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi iwe na tarehe, mahali, saa ya kufika na ya kuondoka, idadi ya picha, ngapi zitaoshwa na kwa ukubwa gani, na siku ya kuzileta. Andikeni pia ni nani atakayekuja akiugua. Pande zote mbili zitie sahihi. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba mmelipa, lakini hauonyeshi mlichokubaliana.

Tuseme bei ni shilingi 15,000. Mpeni 5,000 mnapotia sahihi, 5,000 siku ya harusi akimaliza saa zake, na 5,000 mkononi anapoleta picha. Naye ana nauli na gharama zake, kwa hiyo ile awamu ya kwanza msimnyime.

Jambo jingine wengi hawalijui. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi mliyomwagiza mtu awafanyie, haki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwenu, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo someni karatasi kabla ya kutia sahihi. Akitaka kutumia picha zenu kwa matangazo, hilo ni la kuongea, na pengine atawapunguzia bei.

Msisahau kumwuliza padre au mchungaji mahali ambapo mpiga picha anaruhusiwa kusimama, na kama flashi inakubaliwa wakati wa ibada.

5. Picha zisipotee

Zamani za filamu tulikuwa na negativu kwenye mkebe. Picha ikichanika, unaosha nyingine. Siku hizi simu ikitumbukia kwenye karai la nguo, harusi nzima imekwenda. Pokeeni picha kwenye flashi diski mbili, zikae katika nyumba mbili tofauti. Msikubali kutumiwa kwa WhatsApp peke yake, kwa sababu picha kwa kawaida hupunguzwa ubora na zikioshwa kubwa huonyesha ukungu. Na katika zile muhimu, osheni hata 20 za karatasi. Hizo hazihitaji chaji, na nyanya anaweza kuzishika mkononi.

Keki huliwa ikaisha na hema hurudishwa kwa mwenyewe. Picha ndizo zinazobaki, na watoto watazitumia kujua ukoo wao. Tusizifanye kuwa jambo la wiki ya mwisho.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika harusi tuliyosimamia mwisho, ni nani aliyekosekana kwenye picha? Kwa nini?
2. Katika bajeti yetu ya harusi, ni kitu gani tunaweza kupunguza ili tupate mpiga picha wa kuaminika?
3. Ni nani kati yetu ataandika mfano wa karatasi ya makubaliano, ukae kwenye faili la kikundi kwa kila harusi ijayo?
4. Je, kuna wazee kijijini ambao hawana picha hata moja? Tunangoja harusi ya nini?