Injini Inayotetemeka Gari Likiwa Limesimama: Pima Kabla ya Kununua Vipuri

Wakazi wengi hutegemea magari madogo ya petroli kwa riziki ya kila siku: kupeleka mboga sokoni, kubeba abiria na kufikisha bidhaa madukani. Mengi yaliingizwa nchini kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na kadiri yanavyozeeka, tatizo moja hujitokeza mara kwa mara. Ukisimama kwenye foleni, injini inatetemeka, sauti yake inapanda na kushuka, au inazima kabisa. Mwenye gari anaambiwa anunue plagi. Zisiposaidia, anaambiwa anunue koili, kisha pampu ya mafuta. Mwisho wa mwezi pesa zimekwisha na gari bado linatetemeka.

Somo hili linaeleza namna ya kutafuta chanzo kwa utaratibu, tukianza na vipimo visivyogharimu chochote. Linaeleza pia ishara moja ambayo ukiiona, gari hilo halifai kurudi barabarani hadi litengenezwe.

Injini inavyopumua

Injini ya petroli ikishapata moto, na gari likiwa limesimama, kwa kawaida huzunguka kati ya mara 600 na 800 kwa dakika. Asubuhi ikiwa baridi, inaweza kupita mizunguko 1,200 kwa muda mfupi kisha ikashuka yenyewe. Hiyo si hitilafu.

Ili itulie, inahitaji hewa, mafuta na cheche kwa kipimo sahihi. Usipokanyaga mafuta, mlango wa hewa ambao mafundi huuita throtoli huwa karibu umefungwa. Hewa inayopita ni kidogo sana, kwa hiyo hata ufa mdogo kwenye mpira wa hewa huvuruga kipimo. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi huingia na athari ya ufa huo hupungua. Ndiyo maana gari linaweza kukimbia vizuri barabarani lakini likasumbua kwenye makutano.

Usalama kwanza

Fanya kazi mahali pa wazi. Moshi wa gari ndani ya gereji iliyofungwa unaweza kuua kimyakimya. Vuta breki ya mkono na uweke gia ya kuegesha, au gia huru kwa gari la gia za mkono. Funga leso, tai na mikono mirefu ya shati mbali na mikanda na feni. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka bila onyo.

Hatua ya 1: Tazama na uandike

Acha injini ipate moto, kisha jibu maswali haya:

1. Je, inatulia ukiongeza mafuta kidogo? Kama inatulia, shuku hewa inayoingia kwa njia isiyofaa au throtoli chafu.
2. Je, inakatakata pia unapopanda mlima? Shuku plagi, koili au mafuta yasiyofika vizuri.
3. Je, inazima unapowasha kiyoyozi au kukata usukani? Mara nyingi throtoli imejaa masizi.
4. Je, sauti ya injini ni tulivu lakini bodi ya gari inatetemeka, hasa gia ikiwa imeingia? Kagua mipira inayoshikilia injini.

Majibu haya yatamsaidia fundi zaidi kuliko kumwambia tu kwamba gari "linasumbua".

Hatua ya 2: Kagua hewa

Angalia kichujio cha hewa. Barabara zetu za vumbi hukiziba mapema. Kisha zima injini na ukague mipira yote kati ya kichujio na injini: je, imepasuka, imekauka au imechomoka? Washa injini na usikilize mlio wa hewa inayofyonzwa. Usipulizie petroli kutafuta ufa, kwa sababu injini ya moto inaweza kuiwasha.

Throtoli ikiwa nyeusi kwa masizi, isafishwe kwa dawa maalumu injini ikiwa imezimwa. Kwenye gari lenye throtoli ya umeme, usiusukume mlango huo kwa nguvu kwa kidole. Baada ya kusafisha au kuondoa betri, injini inaweza kuzunguka isivyo kawaida hadi kompyuta ijifunze upya. Fuata kitabu cha gari lako kabla ya kudhani kwamba umeharibu kitu.

Hatua ya 3: Kagua cheche

Ngoja injini ipoe kabla ya kufungua plagi. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Yenye masizi makavu meusi huonyesha mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu. Iliyolowa oili huonyesha oili inavuja.

Kama kila silinda ina koili yake, kama ilivyo kwenye Probox ya lita 1.5, kuna kipimo cha bure. Tuseme mashine ya kusoma hitilafu imeonyesha P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi vizuri. Zima injini, badilishana koili ya kwanza na ya pili, ufute hitilafu, kisha uendeshe na kusoma tena. Ikigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili haina hatia, na umeokoa bei yake. Usichomoe koili injini ikiwa inanguruma, kwa kuwa umeme wake ni mkali.

Kumbuka kwamba nambari ya hitilafu huonyesha pa kuanzia kutafuta, wala si orodha ya vipuri vya kununua. P0171, kwa mfano, humaanisha hewa imezidi mafuta. Chanzo kinaweza kuwa mpira uliopasuka, kipima hewa kichafu au pampu dhaifu.

Taa ya injini ikiwaka na kuzimika mfululizo, punguza mwendo na utafute pa kusimama. Petroli isiyoungua inaweza kuharibu kifaa cha kusafisha moshi, ambacho ni ghali kuliko koili.

Ishara ya hatari: breki

Busta inayokurahisishia kukanyaga breki hutumia mvuto wa hewa wa injini. Ikipasuka, hewa huingia, injini ikatetemeka na breki zikawa ngumu. Ukiona sauti ya injini inabadilika kila unapokanyaga breki gari likiwa limesimama, fanya kipimo hiki: zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, usiliendeshe gari hilo. Mwite fundi alipo gari.

Vilevile, injini inayozima ovyo ni hatari kwenye mteremko. Ikizima, usukani huwa mzito na breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu.

Unapoenda kwa fundi

Mwonyeshe ulichoandika. Muulize amepima nini kabla ya kusema kipuri fulani ni kibovu, na umwombe akurudishie kile cha zamani. Fundi mzuri hatachukizwa na swali hilo.

Kwa vijana wanaopenda kazi hii, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka vyuo vya ufundi vya mashinani chini ya serikali za kaunti. Ulizia katika chuo kilicho karibu nawe kama kinafundisha umekanika wa magari. Magari yanazidi kuwa na kompyuta, na anayejua kupima kabla ya kubadilisha kipuri hatakosa wateja.