MTEJA WA ZAMANI NI AMANA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Muislamu, somo letu la Ijumaa hii linahusu bei tunayomtoza mtu aliyekwisha kutuzoea na kutuamini.

Tazama mambo yanavyokwenda katika soko la Kadutu au pale Nyawera. Mgeni akija, anauliza bei kwa wauzaji watatu, anabishana, na mwishowe anapunguziwa. Tena anaongezewa matabishi ili arudi kesho. Mama mzee aliyenunua kwako miaka kumi hafanyi hivyo. Miguu yake haimruhusu kupanda na kushuka vilima vyetu akitafuta bei. Anakuja kwako moja kwa moja, anasema, "Mwanangu, nipimie," anatoa franga zake na kwenda zake bila kuhesabu. Basi wako kati yetu wanaomtoza yeye zaidi ya yule mgeni, kwa sababu wanajua hatauliza. Kukuamini kwake kumekuwa ndiyo faini yake.

Makampuni makubwa nayo yana tabia hii. Mteja mpya anaitwa kwa zawadi na punguzo, na wa zamani anaachwa alipe bei kamili, maana inajulikana kwamba hatahama. Huko Uingereza makampuni ya bima za nyumba na magari yalizoea kumpandishia bei mteja kila anapoendelea nayo mwaka mwingine. Jambo hilo likachunguzwa, na tangu tarehe 1 Januari 2022 kanuni inakataza kumtoza mteja anayeendelea na bima zaidi ya ambavyo angetozwa kama angekuwa mpya. Wao wamefika hapo kwa kanuni ya dola. Sisi tulifundishwa na dini yetu tangu zamani.

Katika Sura An-Nahl, aya ya 90, Mwenyezi Mungu anaamrisha mambo mawili pamoja: uadilifu na ihsani. Tuyatazame moja moja.

KWANZA: UADILIFU

Biashara ni halali kwa kuridhiana, kama tulivyofundishwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 29. Kumpunguzia mgeni si haramu, na faida si haramu. Lakini wanazuoni wa fiqhi wanamtaja mtu anayeitwa mustarsil, yaani mnunuzi asiyejua bei wala kubishana, anayejisalimisha kwa muuzaji. Wanazuoni wa Maliki na wa Hanbali wamempa haki ya kurudisha mali akipunjwa kupita kiasi cha kawaida. Na kumdanganya kwa uongo, kwa kumwambia "hii ndiyo bei ya kila mtu" na hali sivyo, ni haramu kwa madhehebu yote.

Utasema: "Lakini yeye mwenyewe ameridhika." Sikiliza kisa alichokisimulia Imam Ghazali. Yunus bin Ubaid alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Dukani kwake zilikuwako nguo za dirham 400 na nyingine za dirham 200. Alikwenda kuswali, akamwacha mtoto wa ndugu yake dukani. Akaja bedui, akauziwa nguo ya 200 kwa dirham 400, akaondoka kwa furaha. Yunus akakutana naye njiani, akaitambua nguo yake, akamuuliza bei. Bedui akasema kwao nguo hiyo ina thamani ya 500, naye ameridhika. Yunus hakukubali. Alimrudisha dukani, akampa dirham zake 200, kisha akamkemea kijana wake. Kijana naye akajitetea kwamba mnunuzi aliridhika. Yunus akamuuliza kama angemridhia mwenzake yale anayojiridhia mwenyewe. Ndugu yangu, swali hilo ni letu pia.

PILI: IHSANI KWA WAZEE

Uadilifu ni kutomchukulia mtu haki yake. Ihsani ni kumwongezea. Angalia jinsi dini yenyewe inavyowapunguzia wazee. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani anatoa fidia, anamlisha masikini. Mtume (S.A.W.) aliwaamuru maimamu wasirefushe swala, kwa kuwa nyuma yao wamo wadhaifu, wazee na wenye haja. Na imepokewa kwamba Umar bin Khattab (R.A.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba njiani. Alipojua kwamba ni uzee, haja na kodi ya jizya vilivyomfikisha hapo, alimwondolea jizya na kuamuru apewe riziki katika Baitul Mali.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, nayo inasema watu wazee wana haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Lakini katiba haipimi unga sokoni. Anayepima ni wewe.

Mwaka 2025, benki zilipofunga milango hapa Bukavu, tuliona jinsi mzee anavyomtegemea mwenye kibanda cha pesa za simu. Mtoto wake amemtumia dola 20 kutoka Kinshasa, naye hana mlango mwingine wa kubisha. Wakala anayemkata zaidi kwa sababu hiyo ameugeuza udhaifu wa mzee kuwa mtaji. Na anayemkata kidogo kuliko wengine ameweka akiba mahali ambapo haiibiwi.

TUFANYE NINI?

1. Muuzaji: mteja wako wa zamani asilipe kamwe zaidi ya mgeni kwa mali ile ile. Ukimpunguzia mgeni, mpunguzie naye bila kungoja aombe.

2. Wazee wapimie kopo lijae, na matabishi yaanze kwao. Mwenye uwezo awawekee bei yao.

3. Mwenye duka: mfundishe kijana unayemwachia duka. Dhambi ya Yunus isingekuwa ya kijana peke yake kama angenyamaza.

4. Mnunuzi: nawe uliyeaminiwa ukapewa deni, lilipe kwa wakati. Mtume (S.A.W.) alimwombea rehema mtu aliye mpole anapouza, anaponunua na anapodai haki yake.

Ewe Mola wetu, ibariki mizani yetu, utulinde na kula haki ya anayetuamini, na utupe watu wa kutuhurumia tutakapozeeka. Amin.

Wabillahi tawfiq.