Mshipa wa Mguuni Unaotibu Moyo

Mgonjwa wa moyo anapoambiwa kwamba mguu wake nao utapasuliwa, jamaa hushtuka. Moyo na mguu vinahusiana nini? Je, mguu huo hautapooza?

Hautapooza. Kinachotolewa ni mshipa wa safena, mrefu kuliko mishipa yote inayorudisha damu moyoni. Huanzia mguuni upande wa kidole gumba, ukapita mbele ya kifundo kwa ndani, ukapanda hadi kinenani, chini kidogo tu ya ngozi. Damu nyingi ya mguu hurudi kwa mishipa mingine iliyo kati ya misuli, na hiyo haiguswi.

Mishipa inayoulisha moyo ikizibwa na mafuta, daktari hukata kipande cha safena, akashona ncha moja kwenye mshipa mkuu utokao moyoni na nyingine mbele ya palipoziba. Damu ikapata njia mpya. Ndani ya safena mna vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo kipande hugeuzwa kabla ya kushonwa. Kisipogeuzwa, vali zitazuia damu. Upasuaji huu uliimarishwa na René Favaloro, daktari wa Argentina, alipokuwa Cleveland, Marekani, mwaka 1967. Leo hufanyika pia katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Safena hutumika vilevile kuokoa mguu ambao mishipa yake imeziba, jambo linalowahusu sana wenye kisukari.

Lakini njia hiyo mpya nayo huweza kuziba kadiri miaka inavyopita. Anayeendelea kuvuta sigara huiharakisha izibe. Dawa za kuzuia damu kuganda na za kupunguza mafuta zimeandikwa kwa sababu hiyo. Usiziache eti kwa kuwa kifua hakiumi tena.

Mguu uliopasuliwa huvimba, na sehemu ya ndani ya kifundo huweza kufa ganzi kwa miezi kadhaa. Ukikaa, uinue. Kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au ukipata homa, rudi hospitali. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi zikikubana ghafla, nenda siku hiyo hiyo, hata usiku.

Na kama uliwahi kutolewa mishipa iliyovimba miguuni, mwambie daktari mapema, kabla hajapanga upasuaji wa moyo, ili atafute mshipa mwingine.