Raba Zilizo Chini ya Kitanda: Vidokezo 9 kwa Tulioacha Mazoezi na Tunataka Kurudi

Ziko palepale. Ulizinunua sokoni Karume baada ya kubishania bei nusu saa nzima, ukazivaa wiki tatu, kisha mvua ikanyesha. Sasa zinakaa na ndoo mbovu na begi la safari, na kila ukiinama kutafuta kandambili zinakutazama.

Mimi nimeanza mazoezi na kula vizuri mara saba. Nimefika mahali muuza matunda wa mtaani kwetu akiniona nanunua tikiti Jumatatu, anacheka kabla sijauliza bei. Kwa hiyo aliyeanza jana na bado ana moto wake asome ukurasa mwingine. Hapa tunazungumza sisi tulioacha.

1. Andika kila mara uliyoacha, na kilichokusimamisha

Chukua karatasi. Usiandike "uvivu", maana hilo ni tusi tu tunalojitukana, halituelezi kitu. Andika kilichotokea. Orodha yangu ilikuwa hivi: masika. Malaria. Msiba Tanga, siku tano, nikarudi na uchovu wa basi. Jimu niliyolipia mwaka mzima ili nijilazimishe, nikaenda mara tisa kwa sababu ilikuwa mbali. Masika tena. Raba zilizobana vidole. Na mara moja sikumbuki kabisa. Nadhani nilisahau tu kwamba nafanya mazoezi.

Masika mara mbili! Kila mwaka huku pwani mvua hizo huja kati ya Machi na Mei, wala hazijifichi, lakini mimi kila mwaka nilikutwa nazo kama mgeni asiyebisha hodi. Sasa nina kipande cha kamba ya manila nyuma ya mlango. Mvua ikinyesha naruka barazani, watoto wa jirani wananihesabia, na wananiibia hesabu.

Usikimbilie kidokezo cha pili kabla ya kufanya hiki. Ukiitazama orodha yako vizuri utaona kwamba mara nyingi si wewe uliyevunjika, ni ratiba. Ilipangwa kwa ajili ya mtu asiyeugua, asiyefiwa, asiyesafiri na asiyenyeshewa, na mtu huyo hajazaliwa bado.

2. Jumatatu ni ya kuanzia, si ya kurudia

Jumatatu ina nguvu yake, tusiidharau. Mwaka 2014 watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha kwamba watu huingia jimu na kutafuta habari za kupunguza uzito zaidi mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi na mwanzoni mwa mwaka. Tarehe mpya hutufanya tujione watu wapya.

Shida ni pale unapoteleza Jumanne usiku. Ukiisubiri Jumatatu unajizawadia siku tano za kula chochote, na kufikia Jumapili hata hamu yenyewe imekwisha. Aliyeteleza Jumanne usiku anarudi Jumatano asubuhi, kwenye chai. Chai ile ile, sukari pungufu, basi.

3. Jihadhari na "liwalo na liwe"

Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack walifanya jaribio la ujanja. Waliwapa wanawake vinywaji vizito vya maziwa yenye sukari: wengine hakuna, wengine glasi moja, wengine mbili. Kisha wakawawekea aiskrimu, waonje kadiri wapendavyo. Unategemea aliyeshiba maziwa ale kidogo. Wale wasiojinyima walifanya hivyo. Lakini waliokuwa na kawaida ya kujinyima, walipokunywa maziwa yale walikula aiskrimu nyingi *zaidi* kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu. Mwiko ulikuwa umeshavunjika, kwa hiyo liwalo na liwe.

Unaijua hali hiyo. Umekula chipsi mayai saa mbili usiku, ukajiambia siku imeharibika, ukaongeza mishikaki, ukaongeza soda, ukamalizia na keki ya mtoto iliyobaki. Chipsi mayai peke yake haikuwa na nguvu ya kukurudisha nyuma. Vilivyofuata ndivyo vyenye hesabu.

Tena kuna habari njema. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya ya kula, kunywa au kufanya mazoezi, na mwaka 2010 wakatoa matokeo. Kwa mtu wa katikati mazoea yalikaa baada ya siku 66, ila wepesi walihitaji siku 18, na wazito wakakadiriwa kufika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo yule anayekuambia "siku 21 tu" muulize kazitoa wapi, na wewe uliyeruka siku moja usianze kuhesabu upya.

4. Punguza dozi mpaka uone aibu kuiruka

Kosa la anayerudi ni kutaka kulipa madeni yote siku ya kwanza. Anakimbia kilomita saba, kesho yake anashuka ngazi kinyumenyume, keshokutwa raba zimerudi chini ya kitanda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za kazi ya kumtoa jasho kiasi, kama kutembea kwa haraka. Ni kama dakika 22 kwa siku. Na mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba mazoezi yahesabiwe tu yakifika dakika 10 mfululizo. Dakika 4 za ngazi ni dakika 4, ziandike.

Hata zile hatua 10,000 maarufu zilianza kama jina la biashara: mwaka 1965 nchini Japani kiliuzwa kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. I-Min Lee na wenzake walipowafuatilia wanawake wazee, wa wastani wa miaka 72, wakaandika mwaka 2019 kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaacha kuongezeka karibu na 7,500.

Kuna ushauri unaozunguka kila mahali: shuka daladala kituo kimoja kabla ya kwako. Aliyeutunga hajawahi kugombania gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kiti umekipata kwa viwiko, leo ukiachie? Wangu ni mwingine: tembea kurudi nyuma, kuelekea linakoanzia gari. Badala ya kulipa nauli ya kugeuza nalo, miguu ndiyo inakupeleka. Umepata dakika 15 za kutembea na kiti cha dirishani.

5. Mwache ugali, mfuate sukari

Wengi tuliacha kwa sababu tulipewa orodha ya vyakula vya watu wengine: shayiri ya boksi, parachichi juu ya mkate, samaki tusiyemjua. Hela ikaisha tarehe 12, tukarudi kwenye maandazi kwa hasira.

Chakula cha kwetu kina kila kitu, kinachotushinda ni vipimo vya sahani. Ugali au wali uchukue robo, maharage, dagaa au samaki robo nyingine, na nusu iliyobaki iwe mchicha, matembele, kisamvu, kachumbari, chochote cha kijani. Kwa mama ntilie ni maneno matano tu: "Mama, nipunguzie wali, niongezee mboga." Siku ya kwanza atakutazama. Siku ya tatu atakupakulia kabla hujasema. Bei haitashuka, usijisumbue kuuliza.

Sukari ndiyo ya kukaa nayo meza moja mkazungumza. Shirika lile lile la Afya linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni vizuri zaidi, yaani karibu vijiko 6 vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 hadi 40, kama vijiko 9. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni 9 vingine. Usiache yote leo. Toa nusu kijiko kila wiki. Ulimi nao hufundishika, baada ya mwezi na nusu ile chai ya zamani utaiona kama sharubati.

6. Jiandae na "mbona umekonda, unaumwa?"

Hili halimo kwenye vitabu vya mazoezi vya Ulaya, na huku limewarudisha wengi nyuma kuliko malaria. Umejitahidi miezi mitatu, kitambi kimeingia ndani, unafika nyumbani kwa ukoo umejaa furaha.

"Mwanangu, mbona umekwisha hivyo? Unaumwa?"

"Shikamoo shangazi. Siumwi, natembea tu siku hizi."

"Unatembea unakwenda wapi?"

Usimkasirikie. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata watu wa rika lake walijifunza kwa machozi kwamba kukonda ghafla ni habari mbaya. Unene kwao ni ushahidi kwamba mtoto anakula, kazi ipo, ndoa inaendelea. Ukimwambia kuhusu kalori unampigia kelele. Mwambie presha: "Shangazi, daktari ameniambia presha itashuka nikipungua." Presha anaijua, pengine anayo. Utashangaa wiki ijayo anakuuliza unatembea saa ngapi.

Na kwenye sahani, usikatae. Kukataa chakula cha watu ni kuanzisha kikao. Pokea, kula taratibu, zungumza sana, acha kidogo kibaki, kwa sababu sahani yenye kitu haiongezwi. Ikishindikana: "Nimeshiba shangazi, nifungie niondoke nacho." Hiyo ni heshima juu ya heshima. Pilau ya harusini kula, ni sahani moja mara moja kwa mwezi. Ila kama una kamati tatu za harusi kwa wakati mmoja, hapo tuzungumze.

7. Rudi kwenye mchakamchaka

Kumbuka shule ya msingi. Alfajiri, umande, mstari, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Tulikimbia kila siku wala hatukuwa na "motisha". Tulikuwa na wenzetu, na mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Na kama unafunga Ramadhani, unakaa karibu mwezi mzima bila tone la maji mchana. Usiniambie huna nidhamu. Nidhamu unayo, ila hukaa vizuri zaidi ikiwa katikati ya watu.

Dar es Salaam klabu za joging zimejaa mitaani, Jumamosi na Jumapili asubuhi utawasikia kabla hujawaona. Wengi wao si wanariadha, ni mafundi, walimu, bodaboda na mama wa biashara, na wanene wamo. Mwanamke anayeogopa kukimbia peke yake alfajiri gizani ana sababu ya kuogopa. Kundi humtoa kwenye hofu hiyo. Ukitaka tarehe ya kukuvuta, Moshi kuna Kilimanjaro Marathon, imekimbiwa tangu 2003, na pamoja na kilomita 42 na 21 kuna ile ya kilomita 5 ambayo watu hukimbia, hutembea na kupiga picha.

Huna klabu? Mtafute mtu mmoja ambaye utaona haya kumwacha amesimama barabarani saa kumi na moja na nusu asubuhi.

8. Mizani ipande mara moja kwa wiki, inatosha

Kilo zinazoondoka wiki ya kwanza nyingi ni maji, na zinazorudi baada ya sahani moja ya biriani nazo ni maji. Mtu anayejipima kila asubuhi anasoma unyevu, kisha anajihukumu. Pima na vingine: tundu la mkanda, pumzi ukifika ghorofa ya tatu, presha, usingizi.

9. Kama ulisimama kwa kuugua au kuumia, hesabu kwa miezi

Mwenye presha, kisukari, mimba au goti bovu apite kwa daktari kwanza. Kisha aanze na nusu ya alichokuwa akikifanya, hata nusu ya nusu.

Kila Mtanzania amesimuliwa habari ya John Stephen Akhwari, Mexico 1968: alianguka kwenye marathoni, akaumia goti, akamaliza wa mwisho, wa 57, giza limeshaingia. Tunaipenda sehemu hiyo mpaka tunaishia hapo. Mimi napenda zaidi ile ya miaka miwili baadaye, ambayo haiimbwi: mwaka 1970, Edinburgh, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari alikimbia marathoni nyingine akamaliza wa tano. Katikati hapo kuna asubuhi nyingi ambazo hakuna kamera iliyomfuata.

Haya, inama uzitoe. Ila kabla ya kutia mguu zikung'ute kwanza. Ya kushoto kwangu ilikuwa na mjusi, na siku hiyo ndipo nilipokimbia kasi kuliko siku zote.