Isnadi ya Vitu vya Makumbusho: Funzo Kutoka Ziwa Mweru



Kila aliyepita madrasa anajua kwamba hadithi ina sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi walioyafikisha. Wanazuoni wetu hawakuridhika na matini nzuri peke yake. Waliuliza: nani kasema, kapokea kwa nani, na je, walikutana? Maswali hayo hayo yanatufaa tuingiapo katika makumbusho na hifadhi za vyuo vikuu. Mfano wetu ni Ziwa Mweru nchini Zambia, mwambao wa Nchelenge, na bonde la Luapula lililo kusini yake, kwenye makao ya Mwata Kazembe.

Mnyororo uliokatika

Mwaka 1934 ilianzishwa makumbusho mjini Livingstone, na mwaka 1937 ikaanzishwa hapo hapo Taasisi ya utafiti ya Rhodes-Livingstone. Baadaye viwili hivyo vilitengana. Makumbusho ilibaki Livingstone, taasisi ikahamia Lusaka, na baada ya uhuru wa 1964 ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Zambia. Tazama hatari yake: kitu kinaweza kuwa mji mmoja na maelezo ya aliyekikusanya yakawa mji mwingine. Kitu kisicho na maelezo ni kama matini isiyo na isnadi: unakiona, lakini huwezi kukitolea hoja.

Wapokezi watatu

Wa kwanza ni David Livingstone, aliyefika Mweru Novemba 1867. Aliandika shajara papo hapo, na hiyo ni nguvu yake. Lakini alikuwa mgeni mpita njia, aliyesaidiwa na wafanyabiashara Waislamu wa pwani.

Wa pili ni Hamed bin Muhammed, Tippu Tip. Mwaka huo huo alimshinda chifu Nsama wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, akachukua pembe nyingi za ndovu. Aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya chuo kikuu. Ni shahidi wa macho, ila ndiye mshindi, na anasimulia baada ya miaka zaidi ya 30.

Wa tatu ni Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula. Historia ya watu wake kwa Kibemba, *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, ilichapwa mwaka 1951. Ian Cunnison, mtafiti wa taasisi ile, aliifasiri kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1961. Huyu ni mwenyeji, lakini anasema kwa ulimi wa ikulu.

Asiyesikika

Nani hayumo katika orodha hii? Watabwa walioshindwa, na watu waliopelekwa utumwani. Baadhi ya waliowachukua walikuwa na majina kama yetu. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata ushahidi ukiwa dhidi ya nafsi zetu. Kwa hiyo haitufai kuficha habari hizi ili kuilinda heshima ya jamaa zetu, wala haitufai kumwachia mwingine azitumie kuushutumu Uislamu wote. Tuzisome zote, tuzipime.

Tufanye nini?

Ukisimama mbele ya kabati la makumbusho, uliza mambo manne: nani alikikusanya kitu hiki, alikipata kwa nani, lini, na kwa njia gani: zawadi, ununuzi au nguvu? Omba kuona daftari la kupokelea vitu, maana kibao cha kabatini ni muhtasari tu. Kisha linganisha na masimulizi ya wenyeji, na uandike ulichokikuta pamoja na jina la aliyekueleza, kwa idhini yake. Hapo nawe umekuwa mpokezi katika mnyororo, na upokezi ni amana.

Wallahu aalam.