Kompyuta ya Duka Ikiganda Katikati ya Malipo

Leo tunaongea na wale wanaoendesha akaunti ya biashara kwa kompyuta ya mezani: wenye saiba, maduka ya jumla, ofisi za shule, na yeyote anayelipa vibarua kwa mpigo mwisho wa wiki.

Ni Ijumaa jioni. Umepakia orodha ya vibarua 40, umebonyeza Tuma, na papo hapo skrini imeganda. Kishale hakisongi. Umengoja dakika tano, ukaizima kwa nguvu, sasa imewaka tena. Watu wako wamesimama mlangoni. Wengi hapa hupakia ile orodha upya na kubonyeza Tuma mara ya pili, na hapo ndipo mtu hulipa mshahara mara mbili.

Elewa jambo moja kwanza: pesa haikai ndani ya kompyuta. Kompyuta ni dirisha tu la kuangalia na kutoa amri. Ombi likishafika kwenye mitambo ya malipo, kazi huendelea huko hata kama mashine yako imekufa kabisa. Kama halikufika, hakuna kilichotendeka. Shida ni kwamba skrini iliyoganda haiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Kwa hivyo uliza kwingine. Angalia SMS kwenye simu iliyosajiliwa na akaunti. Ingia kwenye akaunti kwa simu au kompyuta nyingine, usome orodha ya miamala na salio. Ukiona malipo bado yanashughulikiwa, ngoja, hata kama watu wananung'unika. Ukiona 31 wamelipwa na 9 wamekataliwa, tengeneza orodha mpya ya wale 9 pekee. Na uzoee kulipa kila orodha jina lenye tarehe, isije ya wiki jana ikapakiwa wiki hii. Pesa iliyotumwa mara mbili si rahisi kurudi: aliyepokea akishaitoa au kuitumia, hakuna salio la kurudisha, unabaki kumbembeleza.

Kwa mteja aliye kaunta ni vilevile. Kama ameshaweka PIN kwenye simu yake kabla kompyuta yako haijakwama, usimwambie alipe tena. Angalia ujumbe ulioingia upande wako. Ule wa kwenye simu yake peke yake usiutegemee, maana SMS bandia zipo nyingi sana mjini.

Sasa tuje kwa mashine yenyewe. Kabla ya kuita fundi, nunua daftari la shilingi chache uliweke kando ya kibodi. Kila ikikwama, andika saa, programu zilizokuwa wazi, na kama stima ilicheza. Tunaona daftari hili lina faida kuliko kubahatisha, kwa sababu fundi akija kompyuta huwa imekaa sawa kabisa kama mtoto mbele ya mgeni.

Andika pia ilikwama vipi. Skrini ikiganda, bonyeza Caps Lock. Taa ya kibodi ikiwaka na kuzima, kompyuta bado iko hai, huenda ni brauza tu iliyokwama. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uifunge hiyo programu. Taa isipobadilika, mashine yote imekwama, na itabidi ushikilie kitufe cha kuzima kwa sekunde kama kumi. Ikitokea skrini ya bluu yenye maandishi, ipige picha kwa simu kabla haijapotea. Na ikizima pap, kana kwamba mtu amechomoa waya, hiyo ni habari nyingine: shuku stima, pawa saplai, au joto.

Joto tunalitaja sana kwa sababu kompyuta nyingi za biashara huwekwa chini ya kaunta, nyuma ya magunia, karibu na mlango wa barabara ya vumbi. Dalili yake ni kwamba asubuhi inafanya kazi vizuri, mchana inaanza kukwama, ukiizima nusu saa inapona. Zima, chomoa waya ukutani, fungua upande wa sanduku uangalie feni. Pangusa vumbi kwa brashi laini ya rangi, na ukitumia blowa, shikilia feni kwa kidole isizunguke. Kwa mashine iliyonunuliwa ikiwa imetumika, zile za eks-UK, ile pasta inayopitisha joto kati ya prosesa na feni yake huenda imekauka; fundi huibadilisha kwa muda mfupi. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Hata ikiwa imechomolewa, ndani yake hubaki umeme wa kuumiza mtu.

Kuhusu stima: umeme wetu ni wa volti 240, lakini jirani akiwasha kinu cha posho au mashine ya kuchomelea, taa zako hufifia kidogo, na kompyuta huhisi zaidi yako. Angalia pia ile ekstensheni moja inayobeba kompyuta, printa, birika na chaja tano. UPS husaidia, mradi betri yake haijachoka, na printa ya leza isichomekwe upande wa betri, kwa kuwa huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Ukishaondoa joto na stima, zimebaki RAM na diski. Kwa RAM, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows, ukubali iwashwe upya, nayo itajipima. Kama vijiti ni viwili, zima na uchomoe waya, toa kimoja, itumie siku mbili, kisha ubadilishe. Diski ikitoa sauti ya kugonga-gonga, au faili zikichukua muda mrefu kufunguka, usipime chochote kwanza: nakili rekodi zako za mauzo mahali pengine leo leo. Ukiandika perfmon /rel pale pale pa kutafuta, utaona kalenda ya siku zilizoanguka programu au Windows yenyewe. Ilinganishe na daftari lako. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na ikapona, hutajua ni kipi ulichopaswa kulipia.

Programu za bure zilizovunjwa kufuli nazo hugandisha kompyuta, lakini kwa anayeshika pesa za watu kukwama ndiko shida ndogo. Nyingine husoma paswadi unapoiandika. Vilevile, Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo panga kuhama. Na ukiona dirisha linaloruka likisema kompyuta ina virusi, piga nambari hii, usipige. Ni mtego.

Ukilazimika kuipeleka kwa fundi, ondoa kwanza paswadi zilizohifadhiwa kwenye brauza na utoke kwenye akaunti ya malipo. Kama haiwaki kabisa, ingia kwa simu, ubadilishe paswadi kabla hujaikabidhi. Fundi hahitaji PIN yako kutengeneza feni. Ikirudi, ipe kazi ya kawaida siku mbili tatu, kuchapisha na kuandika stakabadhi, kabla ya kuipa orodha ya mishahara.